Kila picha ya ubongo iwe na swali lake

Ndugu wazazi, wauguzi, madaktari wenzangu, na ninyi mnaoendesha mashine za picha, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie kipimo cha MRI ya ubongo, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku, kwa mtu mwenye tuberasi sklerosisi, ugonjwa ambao humu ndani sote tumezoea kuuita TSC. Kazi yangu ni kusoma picha, na msomaji wa picha akishapewa kipaza sauti hutarajiwa aisifu mashine. Nitaisifu inapostahili. Ila nimekuja na ombi moja: kabla mtoto hajalazwa kwenye kile kitanda kinachoingia ndani ya sumaku, kila anayehusika ajue tunatafuta jibu la swali gani. MRI yenye swali husaidia sana. Isiyo na swali huzaa ripoti ndefu ambayo mzazi anaisoma hadi usiku wa manane, na asubuhi hajui afanye nini.

Ugonjwa wenyewe nitaueleza kwa ufupi, maana wengi wenu mnaufahamu kuliko mimi, mnaishi nao. TSC hutokana na hitilafu katika jeni moja kati ya mbili: TSC1 iliyoko kwenye kromosomu ya 9, au TSC2 iliyoko kwenye kromosomu ya 16. TSC2 ilitambuliwa mwaka 1993, TSC1 mwaka 1997. Protini za jeni hizi hushirikiana kuudhibiti mfumo uitwao mTOR, ambao ndio unaoiamuru seli ikue na kugawanyika. Udhibiti ukilegea, seli hukua ovyo, na viuvimbe hujitokeza kwenye ngozi, moyo, figo, macho, mapafu na ubongo. Hukadiriwa kuwa ni mtoto mmoja katika kila 6,000 hivi wanaozaliwa. Na hili nalisema kwa sauti kwa sababu wako kina mama waliosemwa vibaya na ndugu na majirani: takriban theluthi mbili ya wenye TSC ni wa kwanza katika familia zao. Badiliko la jeni limeanza kwao. Hakuna alichokula mama, wala alichofanya baba, kilicholeta hali hii.

Mwaka 1880 daktari Mfaransa Désiré-Magloire Bourneville aliandika habari za msichana wa miaka 15 aliyekuwa na kifafa na ulemavu wa akili, akafariki katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Ubongo wake ulipopasuliwa ulikutwa na sehemu za gamba zilizokakamaa, ngumu ukizibonyeza kwa kidole. Kwa miaka mingi baada ya hapo hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kuuona vizuri ugonjwa huu ubongoni: baada ya kifo. Walio hai walipigwa eksirei, au wakati mwingine hewa ilisukumwa ndani ya vyumba vya maji ya ubongo ili kuta zake zionekane, jambo lililoumiza vibaya. Katika picha hizo vinundu vya ukutani vilionekana kama nta iliyotiririka pembeni mwa mshumaa, na wasomaji wa picha wanautumia mfano huo mpaka leo. CT, yaani picha za eksirei zinazouonyesha ubongo mkato kwa mkato, iliingia miaka ya 1970, MRI miaka ya 1980. Siku hizi dalili za ugonjwa huu zinaweza kuonekana hata mtoto akiwa bado tumboni, kwa MRI ya kijusi, hasa pale kipimo cha ultrasaundi kimekwisha kuonyesha viuvimbe kwenye moyo wake.

Sasa tunaona nini hasa?

Kwanza kuna mabonge ya gamba la ubongo, ambayo huonekana kwa zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi wenye TSC. Bonge hili ni eneo ambalo seli zake hazikujipanga kwa tabaka kama inavyotakiwa, na baadhi yake ni kubwa mno, wala hazieleweki ni neva kamili au ni seli za kusaidia neva. Bonge halisambai wala halihami. Mtoto huzaliwa nalo. Sambamba nalo huwa kuna mistari myembamba inayoanzia karibu na vyumba vya maji na kuelekea kwenye gamba. Hiyo ndiyo njia iliyopitwa na seli zilipokuwa zikisafiri kwenda mahali pake kabla ya kuzaliwa, na baadhi zikabaki njiani.

Halafu kuna vinundu vilivyopangana kwenye kuta za vyumba vya maji, kwa kawaida vidogo kuliko sentimita moja. Kadiri mtu anavyokua, vinundu hivi hujaa chokaa. Vingi havimsumbui mtu maisha yake yote.

Cha mwisho ni ule uvimbe tunaouita SEGA. Huota karibu na tundu dogo linalounganisha chumba cha maji cha pembeni na kile cha katikati. Huwapata wachache, kati ya 5 na 15 katika kila watu 100 wenye TSC kwa makadirio mengi, na si saratani ya kusambaa. Shida yake ni mahali ulipo. Nitaurudia, kwa sababu huko ndiko MRI inakofanya kazi yake nzuri kuliko zote.

Lakini kwanza tukae kidogo kwenye chumba cha kusomea picha. Mzazi huambiwa "amepigwa MRI," akadhani ni picha moja. Ni mafungu ya picha, kila fungu limepigwa kwa namna yake, na bonge lilelile hubadilika sura kutoka fungu hadi fungu. Kwa mtoto mkubwa au mtu mzima ninakwenda moja kwa moja kwenye fungu la FLAIR. Hapo maji ya ubongo yamezimwa, yanaonekana meusi, na mabonge yanabaki meupe yaking'aa; hata mtu asiye daktari ukimwonyesha mara moja atayaona. Kwa mtoto wa miezi mitatu mambo yanageuka. Ubongo wake bado haujapata ule utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva, una maji mengi, kwa hiyo sehemu yote ya ndani ni nyeupe kwenye fungu jingine la picha tunaloliita T2. Bonge hapo huonekana jeusi kuliko jirani zake, na kwenye fungu la T1 huonekana jeupe. Msomaji aliyezoea watu wazima anaweza kulipita bila kulitambua. Katikati, utando unapokuwa umejengeka nusunusu, bonge linaweza kufanana kabisa na ubongo unaolizunguka, likajificha. Ndiyo maana picha ya mtoto wa umri huo ikionyesha mabonge machache kuliko ya miaka michache baadaye, haina maana kwamba ugonjwa umeenea. Ubongo umekomaa, nasi tumeyaona yaliyokuwepo tangu mwanzo. Wazazi wamewahi kulia mbele yangu kwa ripoti ya namna hiyo, na sentensi moja ya maelezo ingewaepusha.

CT je? CT huonyesha chokaa vizuri, na usiku wa dharura, mtoto anatapika na hazinduki sawasawa, ni kipimo cha dakika chache kinachotosha kuonyesha kama maji yamejaa kichwani. Pasipo na MRI, CT ni bora kuliko kukosa vyote. Lakini ina mionzi, na mtu wa kupigwa picha tena na tena tangu utotoni hatufai kumfuatilia kwa mionzi kama kuna njia nyingine. Kwa mtoto mchanga ambaye utosi haujafunga, ultrasaundi ya kichwa inaweza kuonyesha vinundu vikubwa, ila haitoshi kusema ubongo ni salama.

Swali la kwanza ambalo MRI hujibu ni hili: je, hii ni TSC? Mwongozo wa kimataifa uliohuishwa mwaka 2021 unataka dalili kuu mbili, au dalili kuu moja pamoja na ndogo mbili au zaidi, au kipimo cha jeni kilichothibitisha. Mabonge mengi ni dalili kuu moja. Vinundu viwili au zaidi ni nyingine. SEGA ni nyingine. Kwa hiyo picha ya ubongo peke yake inaweza kuumaliza ubishi. Inaweza pia kupotosha. Bonge moja tu, kwa mtu asiye na kitu kingine, linaweza kuwa kasoro nyingine ya gamba ambayo hata chini ya hadubini inafanana sana na bonge la TSC. Chokaa kuzunguka vyumba vya maji kinaweza kuwa kimeachwa na kirusi cha CMV kilichomwambukiza mtoto tumboni, na chokaa cha hapa na pale kinaweza kuwa makovu ya tegu wa nguruwe. Vinundu visivyo na chokaa, vyenye rangi ileile ya gamba katika kila fungu la picha, mara nyingi ni vipande vya gamba vilivyopotea njia, na huo ni ugonjwa mwingine. Ndiyo sababu nikiletewa picha za namna hii huwa namuuliza daktari: umemvua mtoto nguo ukamtazama ngozi kwa taa ya Wood, ile ya mwanga wa urujuanimno? Mabaka meupe matatu au zaidi, yenye upana wa angalau milimita tano, nayo ni dalili kuu, na kuyaona hakuhitaji sumaku.

Sasa tufike kwenye kifafa, ambacho huwapata takriban wanane hadi tisa kati ya kumi, mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka.

Hapa niko tayari kuonekana msaliti kwa idara yangu. Mtoto wa miezi mitano ameamka usingizini. Ghafla kichwa kinainama, mikono inatupwa mbele, mwili unakakamaa sekunde moja au mbili, kisha analegea. Baada ya sekunde chache, tena. Kisha tena, mfululizo, na katikati analia au anatazama tu kama aliyechoka. Mwishoni mwa wiki hatabasamu tena kama alivyokuwa akitabasamu. Wengi wenu mliambiwa ni tumbo linamsokota. Hii ni mishtuko ya kifafa cha watoto wachanga, na kila siku inayopita bila tiba inaugharimu ubongo unaojengeka. Mtoto huyu anahitaji EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, na kama ana TSC anahitaji dawa ya vigabatrin ambayo ndiyo chaguo la kwanza kwa mishtuko hii. Foleni ya MRI isicheleweshe dawa hata siku moja. Rekodini tukio kwa simu, mpelekeeni daktari video, picha ya ubongo itafuata.

Mwongozo unakwenda mbali zaidi: mtoto akishajulikana ana TSC kabla ya kifafa kuanza, afanyiwe EEG kila baada ya wiki sita hadi atimize mwaka, kisha kila miezi mitatu hadi miaka miwili. Utafiti wa Ulaya uitwao EPISTOP, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuanza vigabatrin pale EEG inapoharibika, bila kungoja degedege, kulipunguza kifafa na ukali wake. Utafiti wa Marekani uliokuja baadaye haukuona tofauti katika maendeleo ya akili mtoto alipofika miaka miwili, ingawa mishtuko ilipungua. Kwa hiyo mjadala haujafungwa, ila katika tafiti zote mbili kilichokuwa kikiamua lini dawa ianze ni EEG.

Na kuna jambo la vigabatrin ambalo linanihusu mimi kabisa. Dawa hii inaweza kuleta weupe usio wa kawaida kwenye viini vya ndani ya ubongo na kwenye shina lake. Mara nyingi weupe huo hutoweka dozi ikipunguzwa au dawa ikiachwa. Nisipoambiwa kwamba mtoto anaitumia, ninaweza kuandika kwamba ana ugonjwa wa kimetaboliki, na familia ikaanza safari ya vipimo isiyo na sababu. Fomu nyingi zinazonifikia zimeandikwa maneno mawili tu: "kifafa, MRI." Jamani!

Je, picha inaweza kutabiri mtoto atakuwaje? Hilo ndilo swali mnaloliuliza kwa macho hata msipolitamka, na kulijibu kwa kuhesabu mabonge ni kosa. Ni kweli kwamba tukiwachukua watu wengi kwa pamoja, wenye mabonge mengi, au ambao mabonge yamechukua sehemu kubwa ya ubongo wao, huwa na shida zaidi. Lakini kwa mtoto mmoja aliyekaa mbele yako hesabu hiyo haiaminiki. Wako wenye mabonge mengi wanaosoma na kufanya kazi zao vizuri, na wako wenye machache wanaohitaji msaada kila saa. Umri kifafa kilipoanza, na kama kimedhibitiwa, hueleza mengi zaidi. Usonji huonekana kwa karibu nusu yao, ulemavu wa akili vilevile, na matatizo ya usingizi, hasira, wasiwasi na kushindwa kutulia ni ya kawaida. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mimi ninaweza kulisoma kwenye picha. Vipo vipimo vya MRI vinavyochunguza jinsi maji yanavyotembea kandokando ya nyuzi za neva, na vimeonyesha kwamba hata sehemu zinazoonekana nzima zina kasoro, hasa kwenye nyuzi zinazounganisha pande mbili za ubongo. Kwa utafiti ni vizuri sana. Kwa uamuzi wa kumpeleka mtoto kwa mtaalamu wa lugha, mtazameni mtoto. Mwongozo unataka kila mwenye TSC aulizwe kuhusu tabia, masomo na hisia zake angalau mara moja kwa mwaka, na kazi hiyo hufanyika mezani kwa mazungumzo.

Mahali ambapo ramani ya mabonge ina kazi ni upasuaji wa kifafa. Degedege zikikataa dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, mtoto apelekwe mapema kwenye kituo cha upasuaji, hata kama ana mabonge ishirini, kwa sababu mara nyingi bonge moja au eneo linalolizunguka ndilo linalowasha moto wote. MRI huonyesha mabonge yote, EEG ya siku kadhaa huonyesha yupi msumbufu, na pale zinapokubaliana daktari wa upasuaji ana pa kuanzia.

Sasa SEGA. Mwongozo unasema kila mwenye TSC aliye chini ya miaka 25 apigwe MRI ya ubongo kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, hata akiwa hana dalili yoyote. Swali hapa ni moja na liko wazi: kuna kitu kinachokua karibu na lile tundu? Kinundu kilichozidi sentimita moja mahali hapo, au kinundu cha ukutani mahali popote kinachoonekana kukua kutoka picha hadi picha, tunakihesabu kuwa SEGA. Kung'aa kwa dawa ya kontrasti, ile inayochomwa mshipani wakati wa kipimo, hakutofautishi, maana hata vinundu vya kawaida hung'aa.

Kwa hiyo kazi yote ni kupima na kulinganisha, na hapo ndipo uzembe mdogo huwa mkubwa. Mwaka jana mtu mmoja alipima milimita 9 kwenye picha iliyokatwa kutoka mbele. Mwaka huu mwingine amepima 11 kwenye picha iliyokatwa kwa kulala, na kichwa kiliinama kidogo. Ripoti inasema "umekua." Nikizifungua zote mbili pamoja, nikipima kwa mkato uleule, ninapata 10 na 10. Mtoto alikuwa karibu kuanzishiwa dawa kwa sababu ya pembe ya kichwa. Basi wazazi, CD za zamani msizitupe, na ombeni picha zenyewe, msiridhike na karatasi ya ripoti.

Uvimbe ukikua kweli, maji hufungiwa nyuma yake. Anayeweza kuzungumza atasema kichwa kinamuuma asubuhi, atatapika, ataona ukungu. Asiyeweza kuzungumza atabadilika tu: amekuwa mkali, analala mchana, degedege zimerudi, anajipiga kichwani. Kwa sababu hiyo mwongozo unataka wale wasioweza kueleza dalili zao wapigwe picha mara nyingi zaidi pale uvimbe ni mkubwa au unakua, na mlezi akisema "siyo yeye huyu" kauli hiyo ipewe uzito wa kipimo. Dalili zikiwa za ghafla, ni upasuaji. Uvimbe ukiwa unakua bila dharura, kuna uchaguzi kati ya upasuaji na dawa ya everolimus, inayouzuia ule mfumo wa mTOR. Katika jaribio la EXIST-1 lililochapishwa mwaka 2013, asilimia 35 ya waliopewa everolimus uvimbe wao ulipungua kwa nusu au zaidi, na katika waliopewa dawa bandia hakuna hata mmoja. Ina vidonda vya mdomoni, ina maambukizi, na ikiachwa uvimbe huweza kuota tena, kwa hiyo MRI haiishi kwa sababu dawa imeanza.

Mambo ya siku ya kipimo nitayapitia haraka. Mtoto mchanga anaweza kunyonya, akafungwa vizuri kwenye kitambaa, akalala bila dawa. Mkubwa kidogo huhitaji nusu kaputi, na kwa kuwa nusu kaputi si jambo dogo, figo zake zipigwe MRI palepale akiwa amelala. Mwongozo unazitaka nazo kila mwaka mmoja hadi mitatu. Dawa za kifafa asiache asubuhi hiyo bila kuambiwa na daktari. Kama amewekewa kifuani kifaa cha kusisimua neva ya vagasi, semeni wakati wa kuomba tarehe, msingoje mlangoni, maana lazima kikaguliwe na kuzimwa kabla na kuwashwa tena baada. Kontrasti yenye gadoliniamu huacha mabaki kidogo mwilini, hivyo kwa ufuatiliaji wa kawaida usio na jipya, ulizeni kama inahitajika.

Nimalizie na waliokua, kwa sababu wanapohama kliniki ya watoto wengi hupotea. Aliyekuwa na SEGA utotoni, hata isiyomsumbua, aendelee kupigwa MRI kwa vipindi akiwa mtu mzima. Asiyekuwa nayo, akishapita miaka 25, hahitaji tena picha ya ubongo ya kila baada ya muda isipokuwa dalili mpya zitokee, na daktari amwambie hivyo waziwazi, aache kuishi akisubiri barua ya miadi. Kwake sasa macho yahamie kwenye figo, na kwa wanawake kwenye mapafu, na hayo nawaachia wanaofuata kuzungumza.